Mabibo Kwenye Meza ya Bwana

Kama wiki iliyopita ulifungia dagaa gazeti hili kabla hujanisoma, nakusamehe. Nitakurudisha kwa ufupi, kisha tuendelee kuangalia watu wanavyojipaka usafi.

Mimi ni Scholastica, Schola wa Mitole, wilaya ya Kilwa. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii, na jamii yenyewe bado haijataka kuendelea. Mama yangu ni Genoveva, Mmwera wa kuja, mjane. Moyo wake umetanuka, miguu imevimba, na daktari amesema kama kuna ndugu wa mbali anayetaka kumwona, asichelewe.

Sisi wawili ndio wenye benchi la mlangoni katika kanisa la Njia Nyembamba.

Benchi hilo ni la waliotengwa. Ukikaa pale unaruhusiwa kuimba. Unaruhusiwa kupiga magoti. Kutoa sadaka unaruhusiwa sana, maana sadaka ya mwenye dhambi haijawahi kurudishwa. Lakini Meza ya Bwana ikitandikwa, zamu ya kwenda kunywa inaishia benchi la mbele yako, halafu kikombe kinageuka.

Mimi nilipelekwa pale kwa kosa la suruali. Niliivaa siku nilipomkumbatia Mama kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali. Mchungaji Bonaventura alituona tukipita. Hakuuliza mgonjwa ana nini. Aliuliza suruali ile ni ya nani.

Mama yuko pale tangu niko sekondari. Kosa lake ni uraka, pombe ya mabibo. Baba alipofariki, Mama alikamua mabibo, matunda ya mikorosho yetu, akaacha maji yake yachachuke, akauza. Uraka ule ndio ulionivalisha sare ya shule. Kanuni ya Njia Nyembamba inasema anayeutengeneza na anayeunywa wote adhabu yao ni moja: mavuno mawili ya korosho mlangoni.

Mavuno mawili yalipita zamani. Lakini kila Mama akikaribia kumaliza, Mchungaji anampatia kosa jipya, kama mtu anayekuvutia kigoda wakati unakaa. Mara amecheza ngoma kwenye unyago wa mjukuu wa jirani yetu Bi Ziada. Mara amekula pilau ya Maulidi.

"Sikujua kama ni ya Maulidi, Baba Mchungaji," Mama alijitetea siku ile. "Niliona sahani imeletwa, nikala."

Naye akamjibu mbele ya kanisa zima, neno ambalo nililiweka kichwani nikijua litanifaa:

"Kanuni haiulizi ulijua au hukujua. Inauliza ulimeza au hukumeza."

Hapo ndipo tulipokuwa. Mama ana ombi moja tu hapa duniani: anywe kile kikombe, mezani, pamoja na wenzake, kabla hajafa. Anaamini asipokunywa, na mbinguni ataonyeshwa benchi.

"Mama," nilimwambia, "aliyekufia ni Yesu. Bonaventura hajakuugulia hata mafua."

"Mdomo wako, Schola."

"Mdomo wangu una nini? Wewe unamwamini huyo Yesu au humwamini?"

"Namwamini."

"Sasa unasubiri nini?"

"Nasubiri niwe safi, mwanangu."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Ndoo haikuwa na kosa.

Haya. Jumamosi mchana tuko uani. Mama kanyoosha miguu yake juu ya gunia. Bi Ziada anachambua kisamvu. Huyu Bi Ziada ni Mmatumbi, Mwislamu wa swala tano, na ni shoga wa Mama na mtani wake pia. Kama hujui utani wa Wamatumbi na Wamwera, basi jua tu kwamba Bi Ziada anaruhusiwa kumwambia Mmwera yeyote jambo lolote, mahali popote, hata kaburini, na Mmwera haruhusiwi kununa.

Mara tukaona kanga imefunika kichwa hadi puani, na chini ya kanga kuna dumu jeupe. Alikuwa Mama Mchungaji, Happiness mwenyewe, mke wa Bonaventura.

"Bwana asifiwe, Mama Schola."

"Amina, Mama Mchungaji. Karibu. Schola, mpe mgeni kiti."

Nilimpa kile kinachoyumba.

"Kuna shida," alisema akishika ukuta asidondoke. "Juisi ya zabibu ya Meza ya Bwana imevunjikia kwenye basi. Chupa zote. Na kesho Mwangalizi Klementi anakuja kutoka Lindi. Tutaweka nini mezani?"

"Poleni jamani," Mama alisema.

"Sasa nasikia... wewe una mkono wa kukamua."

Bi Ziada alicheka mpaka kisamvu kikamwagika.

"Ala! Mkono mliomfukuzia mlangoni ndio mnaoufuata na dumu? Ninyi Wamwera mna akili gani ninyi? Au akili zenu alizichukua mwenye duka kwa deni?"

"Mtani, niache, nina haraka," Happiness alisema. "Mabibo siyo dhambi. Mchungaji alishatoa mwongozo."

Ni kweli, alitoa. Jumapili moja nzima tulihubiriwa mabibo. Bibo lililochumwa mtini asubuhi ni tunda la Mungu. Bibo lililolala chini usiku kucha ni pombe. Waumini watu wazima waliuliza maswali. Je, likidondoka alfajiri? Je, likidondoka na mtu hajui lilidondoka saa ngapi? Mchungaji akasema bibo la mashaka liachwe. Kuna watu duniani wanasubiri mahubiri ya wokovu, sisi tunapewa ratiba ya mabibo.

"Sawa," Mama alisema. "Schola atachuma mazuri mekundu. Nitayakamua kesho alfajiri, mtakunywa yakiwa mabichi."

"Kesho haiwezekani. Kesho ni siku ya Bwana. Kukamua ni kazi."

Mama alimtazama vizuri.

"Mama Mchungaji, maji ya mabibo hayajui Jumapili. Nikiyakamua leo, na joto hili, kesho yatakuwa na akili zake."

"Tutafunga kifuniko kwa nguvu. Na tutayaombea."

"Yaombeeni yasisikie jua," Bi Ziada alisema.

Nikadhani Mama atakataa. Hakukataa. Akaniambia nichume, kisha nilete kinu na chujio.

"Mama, usiwakamulie! Wanakunyima kikombe, halafu uwajazie?"

"Kama mimi sitafika mezani," alisema, "basi angalau mikono yangu ifike."

Nikaenda kuchuma, siyo kwa kukubali. Nilikwenda kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na sikutaka Happiness aondoke na hilo.

Mama alitwanga, akakamua, akachuja mara ya kwanza na ya pili, akatia maua ya choya kidogo juisi ipate wekundu. Alihema kama aliyepanda mlima. Alipofunga dumu alimshika Happiness mkono.

"Nisikilize, mama. Hii inywewe asubuhi mapema, kabla jua halijapiga bati. Ikichelewa, mwaga. Wekeni hata maji."

"Nimesikia. Na naomba isijulikane imetoka wapi."

"Haitajulikana."

"Kwangu haitajulikana," Bi Ziada alisema, "ila sina uhakika na mdomo wangu."

Jumapili.

Ibada iliitwa mapema. Tuliimba. Tukaimba tena. Mwangalizi Klementi hayupo. Simu ikapigwa, tukaambiwa basi lake limekufa Kitomanga, yuko barabarani anatafuta pikipiki. Tukaimba nyimbo tunazozijua, zikaisha, tukaimba tusizozijua.

Dumu lilikuwa pembeni ya mimbari, chini ya dirisha. Jua lilianza kwenye kizingiti, likashuka ukutani, likalikuta dumu. Nililiona kutoka mlangoni. Lile dumu lilikuwa limeanza kuvimba mbavu.

"Mama," nilinong'ona. "Tazama."

Mama alitazama. Akamtafuta Happiness kwa macho. Happiness akainamia kitabu cha nyimbo.

Mwangalizi alifika bati linalia kwa joto, vumbi mpaka kwenye kope. Mtu mwingine angesema jamani nimewachelewesha, tule, tunywe, tuondoke. Yeye alihubiri. Somo lilikuwa kulitunza vazi lisipate doa. Alihubiri doa la nguo, doa la ulimi, doa la jicho. Kila akitaja doa, kichwa kimoja kinageuka kututazama sisi wa mlangoni. Nilikuwa nawatolea tabasamu, mmoja mmoja.

Alipofika doa la tumbo, kifuniko cha dumu kiliruka.

Pwaa! Kikapiga bati, kikarudi, kikamwangukia mpiga kinanda.

"Shetani ashindwe!" Mchungaji Bonaventura alinguruma.

"Ashindwe!" kanisa likaitikia.

Nje ya dirisha nikasikia mtu anajikohoza. Bi Ziada alikuwa ametandika mkeka wake kivulini, kama kawaida yake, akimsubiri Mama ili amsaidie kutembea kurudi nyumbani.

Kisha Meza ikatandikwa. Kikombe kikubwa cha chuma kikajazwa kutoka kwenye dumu, na kilikuwa na povu. Povu jekundu, zuri. Mwangalizi akakiombea, akanywa wa kwanza. Alikuwa na kiu ya kutoka Kitomanga. Alikunywa, akasimama kidogo, akakitazama kikombe, akanywa tena.

Akampa Mchungaji Bonaventura.

Sasa msomaji wangu, nitakwambia nilichokiona, maana kutoka benchi la mlangoni unaona nyuso zote zikirudi kutoka mezani. Mchungaji alipomeza, nyusi zilipanda. Zikashuka haraka. Akameza mate. Akampa wa pili. Wa pili akameza, nyusi zikapanda, zikashuka. Wa tatu vilevile. Kwaya yote vilevile, soprano mpaka besi. Mwalimu wa watoto aliangalia juu kwenye bati kama anayesoma kitu.

Kila mmoja aliijua ladha ile. Na kila mmoja alifanya hesabu moja kichwani: nikisema ni nini, wataniuliza nimeijulia wapi.

Njia Nyembamba nzima ilinyamaza. Wanyoofu wale, watakatifu wale, waliokuwa wananusa kinywa cha Mama kila Jumapili akiingia! Kikombe kilijazwa, kikapita, kikajazwa, na hakuna aliyesema neno. Kimya kile ndicho kilichowasema.

Kwa desturi mzee wa kanisa anakunywa wa mwisho, anamalizia kilichobaki chini. Mzee wa kanisa wetu ni Benedicto, mtu mzito, Mmwera mwenzetu, ndiye aliyemshitaki Mama kwa ngoma ya unyago. Chini ndiko ulikokaa mkali. Benedicto akainua kikombe, akagugumia, na kabla akili haijamfikia mdomoni akasema kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani:

"Aisee! Huu uraka!"

Halafu dirishani, sauti ikaja taratibu:

"Umeujuaje, mtani?"

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akambana mdomo.

Benedicto alishika kikombe kana kwamba kimemng'ata. "Mimi... nasema... kwa harufu."

"Kwa harufu," Bi Ziada alisema. "Na hiyo midevu inayodondosha ni harufu?"

"Nyamazeni!" Mchungaji Bonaventura alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nani ameleta kinywaji hiki?"

Nikamtazama Happiness. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, anaangalia vidole vyake.

"Kijiji hiki mkamuaji anajulikana," Benedicto alisema, akishukuru kupata mtu wa kumtupia lawama. "Anajulikana na anakaa mlangoni."

Vichwa vyote vikageuka. Mama alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

"Genoveva," Mchungaji alisema, na safari hii hakumwita hata mama. "Ni wewe?"

"Nilikamua mimi," Mama alisema. Akaishia hapo. Hakumtaja aliyeleta dumu.

"Umeinajisi Meza ya Bwana! Kwa kisasi! Umekaa hapo miaka yote unaitafuta nafasi. Leo nakukata. Hata mlangoni penyewe sitaki ukae. Na ukifa, Njia Nyembamba haitakuzika!"

Mama hakulia. Alitazama miguu yake iliyovimba, kama mtu aliyetembea sana akaambiwa amepotea njia. Nikajua amemwamini. Mama yangu alikuwa amemwamini yule mtu, kwamba sasa Mungu amemfuta.

Nikasimama.

"Mchungaji, shikamoo."

Alibabaika. Ukisalimiwa hivyo huwezi kuacha kuitikia. "Marahaba."

"Nina swali dogo. Adhabu ya aliyekunywa uraka ni nini?"

"Keti, Scholastica."

"Ni mavuno mawili mlangoni. Na asiyejua kama ni uraka?"

Akaigeukia Biblia yake.

"Nikukumbushe. Kanuni haiulizi ulijua au hukujua. Inauliza ulimeza au hukumeza. Maneno yako hayo, uliyasema umesimama hapo hapo, ukimwambia huyu huyu, kwa sababu ya kijiko cha pilau."

Mtu mmoja kwenye kwaya akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

"Basi tutafute ambao hawajameza," nikaendelea, na mdomo wangu ulikuwa unanoga. "Kuna watoto. Kuna Mama. Kuna mimi mwenye suruali. Na kuna Bi Ziada dirishani."

"Mimi msinitie, nina kwangu!" Bi Ziada alidakia.

"Basi kwa kanuni yenu, Njia Nyembamba imebaki na watu wazima wawili. Sisi wa mlangoni ndio kanisa. Ninyi wengine wote, karibuni benchini. Lakini benchi lenyewe fupi. Nani anaanza kukaa? Baba Mchungaji? Au tumpishe mgeni kutoka Lindi?"

Mwangalizi Klementi alijifuta mdomo na kitambaa. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Aliyeandaa kwa hila na aliyekunywa bila hila hawawezi kuwa sawa," Mchungaji alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Huyu mama alikusudia. Huyu ndiye..."

"Hakukusudia."

Happiness alikuwa amesimama. Kanga ilikuwa imemwanguka kichwani, hakuiokota.

"Mimi ndiye niliyempelekea dumu, Baba. Nilikwenda kwake kwa kujificha. Alitaka kukamua leo alfajiri, iwe mbichi. Mimi nikakataa. Nikamwambia leo ni siku ya Bwana, kukamua ni kazi. Akasema ikichelewa niimwage. Nikaona jua limeifikia, nikaona dumu linavimba, nikaogopa. Ungeniuliza nimeitoa wapi, ningesema nini? Ningekaa naye mlangoni." Akapumua. "Nikaona bora wote mnywe."

Yaani walikuwa wanashika kanuni moja ili isivunjike, ikawavunjia nyingine kichwani. Nilitaka kucheka. Nilipomtazama Bonaventura, cheko likanikwama.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mimbari kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Hakuwa mnafiki, yule mtu, na hilo linaniudhi mpaka leo. Angekuwa mnafiki ningemmaliza kwa sentensi moja. Yeye aliamini kila kanuni aliyotunga.

"Mwangalizi," alisema, "nani atatutakasa sasa? Mimi siwezi. Nimekunywa."

"Na mimi nimekunywa," Mwangalizi alijibu. "Mara mbili."

Watu walikaa na vinywa vyao vinavyonuka mabibo, na sijawahi kuona watu waliovaa vizuri hivyo wakiwa uchi hivyo.

Ndipo Mama aliponiambia, "Nipe mkono."

Nikamwinua nikidhani tunaondoka. Nilikuwa nimeshajiandaa kutoka kwa maringo. Akaniachia mkono, akageukia ndani.

Akaanza kutembea kwenda mezani. Peke yake, akishika benchi kwa benchi, na miguu ile. Watu walikuwa wanasogeza magoti apite.

"Kimebaki kidogo?" aliuliza.

Mchungaji akainua kichwa. "Genoveva, hupaswi..."

"Najua, baba. Miaka yote nimekaa pale nasubiri niwe safi kama ninyi, ndipo nije. Leo nimewaona. Kumbe ningesubiri mpaka nife, na hakuna kitu nilichokuwa nasubiri." Alishika ukingo wa meza, akahema. "Aliyenialika anajua mikono hii ilikamua nini. Alijua kabla hajaniita, na akafa vilevile. Sasa nimekuja hivi hivi."

"Sina haki ya kukupa, mama. Nimekwambia, nimekunywa."

"Ndiyo maana leo naweza kukuomba. Jana ulikuwa na haki zako zote, nikakuogopa."

Bonaventura alisimama. Akainamisha dumu juu ya kikombe.

"Ni uraka huo," Benedicto alinong'ona.

"Ndio uliopo," Mama alisema.

Mchungaji akampa kikombe. "Unisamehe, mama."

"Tumesamehewa, baba. Shika kiwiko changu, nisianguke."

Akamshika kiwiko. Kanisa likasimama. Wa nyuma wakasogea mbele, wa pembeni wakasogea kati, Happiness analia, Mwangalizi analia, hata Benedicto anapenga kamasi. Wote wakaizunguka meza ile kama watu wa nyumba moja.

Nami nilikuwa nimerudi kukaa. Benchi lote lilikuwa langu.

Mama alifikisha kikombe kwenye mdomo. Akasimama. Akakishusha, akageuka akinitafuta juu ya mabega ya watu.

"Schola. Njoo tunywe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Na huyo?"

"Na huyu."

Damu ilinipanda. "Huyo aliyesema hatakuzika? Dakika hii hii? Machozi mawili na yamekwisha? Hapana, Mama. Akae hapa kwanza. Akae mavuno mawili, kama wewe. Kikombe kimgeukie puani kila mara, kama wewe. Aombe radhi kijiji kizima, nyumba kwa nyumba. Akimaliza, ndipo nije."

Dirishani, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, Bi Ziada alisema:

"Ee! Kumbe na Schola ana kanuni zake."

Nilitaka kumjibu. Mimi, mwenye mdomo unaoogopwa kuanzia ghala la korosho mpaka ofisi ya mtendaji, nilitafuta neno nikakosa.

"Nimekaa hapo muda mrefu, mwanangu," Mama alisema. "Napajua. Usinifanye ninywe huku wewe nimekuacha huko."

"Kunywa, Mama. Ulikuwa unaitaka siku zote. Kunywa!"

"Sinywi bila wewe."

Miguu yake ilianza kukatika. Bonaventura alimshika kwa mikono miwili. Kikombe kiliinama mkononi mwa Mama, na ule wekundu ukawa unadondoka kwenye udongo, tone baada ya tone, naye ananitazama tu. Kanisa zima lilikuwa ndani, limechafuka, limeizunguka meza.

Aliyebaki mlangoni, msafi pekee wa Njia Nyembamba, ni mimi. Na makalio yangu hayakutaka kuliachia benchi.